LIGI YA VIZIBO
Jinsi tunavyoendesha ligi ya kuigiza ya mpira wa vikapu

Muhula mzima uliopita nimeulizwa swali moja mpaka nikachoka: "Hivi vile vizibo vya soda mnavyotikisa ndani ya mikebe saa ya chakula ni vya nini?" Wako waliosema ni uganga. Wako waliosema ni bahati nasibu. Mwalimu mmoja alisimama mlangoni, akatazama, akatikisa kichwa, akaenda zake. Basi leo nimeshika kalamu nieleze, kwani mimi ndiye katibu wa ligi hiyo na daftari zake zote ziko mikononi mwangu.

LIGI YA KUIGIZA NI NINI?

Wengi wenu mnaijua ile michezo ya kuchagua wachezaji wa Ligi Kuu ya Uingereza, iliyoanza mwaka 2002. Unapewa pauni milioni 100 za uongo, unanunua wachezaji 15, wasiozidi watatu kutoka klabu moja, halafu unangoja Jumamosi uone watakuletea pointi ngapi. Hapo wewe ni mwenye timu, lakini wanaocheza ni watu wa kweli, wiki ile ile.

Ligi yetu ni binamu yake. Sisi pia ni wenye timu, ila hakuna mtu anayekimbia uwanjani. Tunachukua takwimu za wachezaji zilizokwisha andikwa, tunazichanganya na bahati, na mechi inachezwa juu ya dawati. Faida yake ni kwamba Michael Jordan wa miaka ya 1990 anaweza kukutana na Stephen Curry wa leo, jambo ambalo hata Marekani kwenyewe haliwezekani.

Wazo hili si geni. Mwaka 1961 Mmarekani aitwaye Hal Richman alianza kuuza mchezo wa besiboli wa kadi na dadu uitwao Strat-O-Matic, ambao alikuwa amebuni mwanzo wake akiwa mtoto. Mwaka 1980 mwandishi Daniel Okrent na wenzake wa New York wakaanzisha ligi yao ya wenye timu, wakaiita Rotisserie kwa sababu ya mkahawa waliokuwa wakikutania. Hawakuwa na kompyuta. Walikuwa na karatasi na kalamu tu. Sasa kama wao waliweza, sisi wa bara hii ya Mombasa tutashindwa na nini?

VIFAA

Unahitaji mikebe miwili, vizibo 20 vya soda, kaunta buku mbili, na orodha ya takwimu za wachezaji. Orodha tuliitoa kwenye intaneti, tukaichapisha saiba.

Utauliza, kwa nini vizibo? Kwanza, wazazi wengi hapa kwetu dadu hawazitaki kabisa ndani ya nyumba, na sisi hatukutaka kugombana na wazee. Pili, vikaratasi huchakaa. Kikaratasi kikishakunjwa sikio, mwenye vidole vya ujanja anakijua kwa kukipapasa. Kizibo hakina siri hiyo. Ndani yake tumeandika namba kwa kalamu ya wino mzito, 0 hadi 9, vizibo kumi kwa kila mkebe. Mkebe wa kwanza ni wa makumi, wa pili ni wa mamoja. Ukitoa 3 na 7 umepata 37. Ukitoa 0 na 4 umepata 04. Kwa hiyo una namba mia moja kamili, 00 hadi 99, na kila moja ina nafasi sawa na mwenzake.

Zingatia hili: kila ukitoa kizibo, kirudishe, utikise, ndipo utoe tena. Usipokirudisha, zile namba zilizobaki zinapata nafasi kubwa zaidi, na hesabu yote inaharibika.

KUCHAGUA WACHEZAJI

Tulikuwa wenye timu sita, na kila mmoja aliita timu yake kwa mtaa anaotoka. Likoni ilileta Mtongwe na Shelly, Kisauni ikaleta Mtopanga na Mishomoroni, Changamwe ikaleta Port Reitz na Chaani. Kila timu ilichukua wachezaji wanane, jumla 48.

Kuchagua kunafuata mwendo wa nyoka. Duru ya kwanza ni mtu wa 1 hadi wa 6. Duru ya pili inageuka, wa 6 anaanza na wa 1 anamaliza. Duru ya tatu inageuka tena. Hivyo aliyengoja sana mwanzo analipwa papo hapo kwa kuchagua mara mbili mfululizo.

Usidhani kuchagua ni kazi rahisi. Hata wanaolipwa mamilioni kwa kazi hiyo hubahatisha. Mwaka 2009 Memphis Grizzlies walikuwa na nafasi ya pili katika uchaguzi wa NBA. Walimchukua jirani yetu Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam, mwenye urefu wa sentimita 221, Mtanzania wa kwanza kufika huko. James Harden akachukuliwa wa tatu, na Stephen Curry akangoja mpaka wa saba. Thabeet katika maisha yake yote ya NBA alipata wastani wa pointi 2.2 kwa mechi. Simcheki ndugu yetu, alifika mahali ambapo hakuna Mtanzania aliyewahi kufika. Ninachosema ni kwamba urefu ulionekana kwa macho, lakini mkono wa Curry ulihitaji kuhesabiwa.

JINSI MECHI INAVYOCHEZWA

Mechi ina robo nne. Kila robo timu ina mitupo 12, na mwenye timu anawagawia wachezaji wake watano kabla robo haijaanza. Mchezaji mmoja asizidi mitupo minne kwa robo.

Kisha tunatoa vizibo. Shaquille O'Neal katika maisha yake alifunga asilimia 58 ya mitupo yake, basi namba 00 hadi 57 ni kikapu cha pointi mbili, na 58 hadi 99 amekosa. Curry kwa mitupo ya mbali ana asilimia 42, basi 00 hadi 41 ni pointi tatu, zaidi ya hapo amekosa.

Ulinzi nao una thamani. Ukiwa na mchezaji ambaye wastani wake wa kuzuia mitupo ni 2 au zaidi kwa mechi, kama Hakeem Olajuwon mwenye 3.1 au Dikembe Mutombo mwenye 2.8, mpinzani wako anapunguziwa 4 katika mia kwa kila mtupo wa pointi mbili. Shaq mbele ya Mutombo anashuka kutoka 58 hadi 54.

Mechi ikiisha sare, wachezaji watano wa kila upande wanatupa mtupo huru mmoja mmoja. Hapo ndipo mwenye Shaq hufunika uso, kwa kuwa mitupo huru ya Shaq ilikuwa asilimia 53 tu, wakati Curry ana 91.

Mechi moja huchukua kama dakika ishirini, na mabao hufanana na ya mechi za shule, arobaini na kitu, hamsini na kitu. Timu sita zikikutana nyumbani na ugenini ni mechi 30, kila timu mechi 10. Tulicheza tatu kwa wiki, Jumatatu, Jumatano na Alhamisi. Ijumaa tunapumzika kwa sababu wenzetu wengi wanakwenda msikitini. Wiki kumi, ligi imekwisha kabla ya mitihani.

NANI ASHIKE MKEBE?

Vizibo vya timu yako vinatolewa na mpinzani wako. Mtu wa tatu anasoma namba kwa sauti. Wawili wanaandika, kila mmoja katika kaunta buku yake, na mwisho wa kila robo daftari zinalinganishwa. Zisipolingana, robo haiendelei mpaka ilingane. Na katibu hana timu. Hili ni kubwa kuliko yote, kwani ukiwa hakimu na mshtaki kwa wakati mmoja, hata ukisema kweli nani atakusadiki?

JE, SI KAMARI?

Mama yangu ndiye aliyeuliza kwanza. Nilimweleza mchezo wote, akasikiliza, kisha akasema, "Pesa iko wapi hapo, mwanangu?" Nikamwambia haipo. Akasema, "Basi isiwepo."

Na nusura iwepo. Wiki ya pili mmoja wetu alileta wazo kwamba kila mwenye timu atoe shilingi hamsini, na bingwa achukue zote. Wengine walichangamka. Tukabishana mpaka kengele ikalia. Hoja iliyoshinda ilikuwa hii: bahati ikishawekewa pesa, kila kizibo kitatiliwa shaka, na kila anayeshindwa atajiona ameibiwa. Tena sheria ya Kenya haimruhusu mtu wa chini ya miaka 18 kucheza kamari, na mitaani kwetu tunawaona kaka zetu wanaobeti mpaka nauli. Tulipiga kura, wanne kwa wawili, pesa ikakataliwa. Zawadi ya bingwa ni jina lake kuandikwa nyuma ya jalada la kaunta buku. Basi.

ULINZI WA MWENYE MKIA

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike. Watu wengi wanafikiri kazi ya ligi ni kumpata bingwa. Bingwa hana shida, atajipata mwenyewe. Kazi ngumu ni kumweka wa mwisho mezani mpaka siku ya mwisho.

Hebu fikiri. Mwenye timu aliyeshindwa mara tano akiacha kuja, wale ambao hawajakutana naye mara ya pili wanapata ushindi wa bure. Wale waliokwisha cheza naye mara mbili waliutolea jasho. Msimamo unakuwa wa uongo kutoka juu hadi chini. Pengine asiache, ila akate tamaa na kumgawia rafiki yake mchezaji wake bora "kwa kubadilishana". Hiyo ni sumu mbaya zaidi. Kwa hiyo kwetu mabadilishano yoyote yanatangazwa, yanalala siku moja, na wenye timu wengine wanaweza kuyapinga kwa kura.

Wakubwa wa NBA walikumbana na tatizo hili pia. Walikuwa wakizipa timu dhaifu nafasi za kwanza za kuchagua, kusudi zipate nguvu. Lakini ukimzawadia wa mwisho, si utawafanya watu washindwe makusudi? Shaka hiyo ndiyo iliyowafanya waanzishe bahati nasibu mwaka 1985, na mwaka 2019 timu tatu za chini kabisa zikapewa nafasi sawa, asilimia 14 kila moja, ya kuchagua kwanza. Sisi tumeweka vizibo sita: wa mwisho ana vitatu, wa tano ana viwili, wa nne ana kimoja. Kinachotoka ndicho kinachagua kwanza msimu ujao. Na sharti ni moja: awe amecheza mechi zake zote kumi. Aliyekimbia hana kizibo. Tena baada ya mechi tano, aliye mkiani ndiye wa kwanza kubadilisha mchezaji mmoja kwa yeyote ambaye hakuchaguliwa na timu yoyote.

Sheria hizi zilijaribiwa vilivyo. Mwenye Mtongwe, msichana wa kidato cha tatu, alipoteza mechi zake tano za kwanza. Alikuwa amechagua majina makubwa, Jordan akiwa wa kwanza, na kila robo akampa Jordan mitupo minne. Watu walianza kumwita "Feri", ati kazi yake ni kuvusha wenzake bure. Alinijia akaniambia, "Katibu, nifute jina." Nikamwambia ana haki ya kubadilisha mchezaji kwanza, aitumie, halafu kama bado anataka kutoka atoke.

Alikwenda na orodha nyumbani. Aliporudi alikuwa amepiga hesabu ambayo sisi sote hatukuipiga. Jordan ana asilimia 50: mitupo mia ni pointi 100. Shaq ana 58: mitupo mia ni pointi 116. Curry ana 42, lakini mara tatu: mitupo mia ni pointi 126. Na kulikuwa na mtu ambaye hakuna aliyemchagua, Steve Kerr, aliyekuwa akitokea benchi la Chicago Bulls, wastani wa pointi 6 tu kwa mechi. Lakini mitupo yake ya mbali ilikuwa asilimia 45, ya juu kabisa katika historia ya NBA. Mitupo mia ni pointi 135! Akamchukua Kerr.

Mechi ya sita alishindwa tena, kwa pointi moja. Mechi ya saba akashinda. Hapo mambo yakawa moto. Mwenye Port Reitz, aliyekuwa akiongoza, alisema hiyo ni hila, kwa kuwa Kerr wa kweli hakuwahi kutupa mipira mingi hivyo, na akataka sheria ibadilishwe siku ile ile. Wawili wakamuunga mkono. Na kusema kweli hoja yake ilikuwa na maana. Lakini sheria ilipitishwa na wote sita kabla ya ligi kuanza, na aliyefaidika nayo alikuwa yule tuliyekuwa tukimcheka juzi. Nikaandika daftarini: sheria haibadilishwi katikati ya msimu, hoja ya Port Reitz itajadiliwa muhula ujao. Hakufurahi, siku mbili hatukusalimiana. Lakini alikuja kucheza.

Wiki ya mwisho ilifika, Port Reitz na Chaani wote wana ushindi saba, Port Reitz wakiwa mbele kwa tofauti ya pointi. Chaani wakashinda mechi yao. Port Reitz walibaki na Mtongwe. Dirisha lilijaa watu, hata yule mwalimu wa kutikisa kichwa alikuwepo. Mtongwe 51, Port Reitz 49. Kerr saba kati ya kumi na sita. Chaani wakawa bingwa, na aliyeamua ubingwa ni mtu aliyemaliza wa tano kwa ushindi mara tatu tu. Kama ningefuta jina lake siku ile, kaunta buku ingeandika bingwa mwingine.

Wahenga walisema asiyekubali kushindwa si mshindani. Mimi nimejifunza kwamba mshindani naye anahitaji sababu ya kurudi kesho.

BAHATI NA UKWELI

Mwalimu wetu wa hesabu aliniuliza kama ligi ya bahati inaweza kumtambua aliye bora. Nilimjibu kwa mifano miwili. Wilt Chamberlain alikuwa mbovu wa mitupo huru, asilimia 51 maishani. Lakini tarehe 2 Machi 1962 alifunga 28 kati ya 32, na usiku huo akapata pointi 100 katika mechi moja. Na mwezi wa Februari 2021 kule Yaoundé, Kenya iliishinda Angola 74 kwa 73, kwa mtupo wa mwisho wa Tylor Ongwae, ilhali Angola walikuwa wameshachukua ubingwa wa Afrika mara 11. Mechi moja huweza kumpa yeyote. Mechi kumi humkaribia mwenye haki. Ndiyo maana wa mwisho asikate tamaa, na wa kwanza asijigambe.

MSIMU UJAO

Hoja ya Port Reitz tumeshaijadili na imepita: mchezaji ambaye wastani wake wa kweli ni chini ya pointi 10 hatazidi mitupo miwili kwa robo. Mwenye Mtongwe mwenyewe aliipigia kura.

Sasa tuna mpango mwingine, na hapa nawaomba nyinyi wasomaji. Kwa nini tuigize Wamarekani siku zote? Tunataka ligi ya wachezaji wa uwanja wetu wenyewe, wavulana na wasichana, wa mashindano ya madarasa. Ila takwimu zao hazipo popote mpaka mtu akae kando ya uwanja aandike: nani katupa, kutoka wapi, imeingia au imekosa. Tunataka waandishi wanane. Mazoezi ya kuandika tutakwenda kuyafanya Makande, timu za KPA zikicheza nyumbani.

Anayetaka aje na kalamu yake. Vizibo tunavyo. Wasalaam.